Pedeli ya breki inalainika nikifika Mombo: nibadilishe pedi tu, au na mafuta ya breki? (Toyota IST)

Mwalimu_Magamba

Habari za jioni wakuu. Nina IST ya 2004, injini ya 1.3, otomatiki, mbele diski na nyuma drami. Naishi Lushoto na mara nyingi mwisho wa wiki nashuka kwenda Korogwe kwa mambo ya familia. Wanaoifahamu barabara ya Mombo wanajua hali ilivyo: kilomita 30 na ushee za kona, na ukishapita Soni kushuka, mguu ni kama umezaliwa na breki.

Shida yangu ni mbili. Kwanza, tairi la mbele kushoto linalia sauti nyembamba ya chuma, zaidi nikienda taratibu. Pili, na hii ndiyo inayoninyima usingizi, nikikaribia Mombo pedeli inazama. Inakuwa laini, nakanyaga mara mbili tatu ndipo gari linashika. Nikipumzika Mombo mpaka magurudumu yapoe, pedeli inarudi kama kawaida, na kesho yake asubuhi hakuna dalili yoyote. Nimefungua boneti, mafuta ya breki yana rangi ya kahawa na yako karibu na alama ya MIN. Chini ya gari na kwenye matairi hakuna unyevu popote.

Fundi mmoja wa hapa kanishauri niweke pedi mpya, niongeze mafuta kidogo, basi. Dukani Korogwe nimeoneshwa pedi za elfu 25 na za elfu 60. Ningependa kazi hii niifanye mwenyewe nyumbani, maana nina uwanja wa sakafu, jeki ya gari, spana za kutosha na mdogo wangu wa kunisaidia. Je, ni kazi ya kufanyika nyumbani? Na huyo fundi kasema sawa? Nawasilisha.

Dereva_Segera

Mwalimu, kabla ya spana, gia. IST yako ina kitufe cha O/D (ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo wa kasi) ubavuni mwa gia leva. Ukianza kushuka kizime, na ukishapita Soni rudisha gia kwenye 2 mapema, kabla mwendo haujakolea. Kona zile kali zaidi, kama gari liko taratibu, weka L, gia ya chini kabisa. Injini itapiga kelele, iache ipige, haiumii. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, kisha iachie ipumue. Kuiegemea mguu kuanzia juu mpaka chini ndiko kunakochemsha kila kitu.

Msafiri77

Mafuta ya breki yakikusumbua kupata huko milimani, tia ya pawa stia. Yote ni haidroli, kazi inaenda.

BiFundi_Tanga

Msafiri77, mwanangu, nakuomba ukafute ulichoandika kabla mtu hajakifuata. Mafuta ya pawa stia yanatokana na mafuta ghafi. Mipira iliyo ndani ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki yenye asili ya glikoli. Ikikutana na hayo yako inavimba na kulainika, pistoni inakwama, na breki ama zinashika zenyewe ama hazishiki kabisa. Gari lililotiwa hayo likija gereji kwangu siliruhusu kutoka mpaka masta silinda, wili silinda (zile pampu ndogo za magurudumu ya nyuma), mipira ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na mabomba yote ya mpira yabadilishwe, na mabomba ya chuma yasafishwe. Haya si mafuta ya kubahatisha.

Sasa mwalimu. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi, na maelezo yako yenyewe yanatoa jibu. Breki hupotea mteremkoni kwa namna mbili. Ya kwanza, pedeli inabaki juu, ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halitaki kusimama. Hapo pedi ndizo zimepata joto kupita uwezo wake. Ya pili ni hiyo ya kwako: pedeli inazama, ukiipampu inapanda kidogo, ikipoa inarudi. Hapo mafuta yamechemka. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu. Mvuke unabanwa. Mafuta yakichemka kwenye kalipa unatokea mvuke, na mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Kwa nini yachemke? Kwa sababu yana maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, unaoingia polepole kupitia mabomba ya mpira na mfuniko wa kikopo, hata kama gari halivuji popote. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanywa maji. Gari linaloshuka kutoka Lushoto mguu ukiwa juu ya breki linaweza kuifikia 140 hiyo. Anayezunguka mjini Tanga kwenye tambarare anaweza kukaa miaka na mafuta mabovu asijue, na siku akipanda kwenu ndipo anajua.

Kwa hiyo fundi wako kasema nusu. Pedi ndiyo, zimekwisha: hiyo sauti ni kile kibati kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kikwaruze diski pedi zikibaki nyembamba. Na mafuta yameshuka kwenye kikopo kwa sababu hiyo hiyo, pistoni zimesogea mbele kufuata pedi zilizokwisha. Ndiyo maana nakuambia USIONGEZE mafuta sasa. Ukiongeza leo, kesho ukisukuma pistoni nyuma ili pedi mpya ziingie, kikopo kitafurika, na mafuta ya breki yanabandua rangi ya gari. Yakidondoka popote, mwagia maji mengi hapo hapo. Na hata ungeongeza, yale yanayochemka yako kule chini kwenye kalipa. Tone jipya la juu haliyafikii.

Kazi inafanyika nyumbani, ndiyo, ila sharti la kwanza halina mjadala. Jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi tu. Tafuta stendi, hata za kuazima. Zikikosekana, gogo la mti mkavu, nene, lililokatwa sawa chini na juu. Tofali la saruji usiliweke kabisa, linapasuka ghafla bila kutoa dalili. Ukinyanyua mbele, vuta handibreki na utie kabari matairi ya nyuma pande zote mbili. Ukija kunyanyua nyuma, kumbuka handibreki inashika magurudumu hayo hayo ya nyuma, kwa hiyo haikusaidii kitu: weka P, kabari ziende mbele. Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini.

Anza kwa kunyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo kwa sirinji, mpaka yabaki kidogo chini, kisha rudisha mfuniko. Toa tairi. Kalipa ya mbele imefungwa kwa bolti mbili zinazoshika pini za kutelezea. Ukizifungua kalipa inatoka. Ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa bomba lake la mpira. Pedi ukizitoa, ziweke chini kwa mpangilio uliozitoa nao, ya ndani na ya nje, halafu zitazame. Pedi ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje, au juu kuliko chini, pini hazitelezi vizuri, na ukiweka pedi mpya bila kuzishughulikia zitalika vivyo hivyo. Hapa ndipo mafundi wenzangu wengi wanaruka kwa haraka, na inaniuma, kwa sababu ni kazi ya dakika chache. Zichomoe, zifute, zipake grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha vimpira vyake. Na pini ya juu irudi juu, ya chini irudi chini, mara nyingi hazifanani.

Diski ipitishe kidole pembeni. Ukihisi ukingo ulionyanyuka, pima unene. Kiwango cha chini kabisa kimeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta neno MIN na milimita zake. Ikiwa chini ya hapo, pedi mpya ni pesa iliyopotea. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, baadhi ya pedi zilikuwa na asbesto na hujui gari lilipita wapi. Lilowanishe ufute kwa kitambaa.

Pistoni irudishe ndani kwa klampu na pedi ya zamani katikati, taratibu. Mimi huwa nafungua nipo, kile kiskrubu chenye tundu kilicho juu ya kalipa, kwa kuivalisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Yale mafuta mabovu yaliyoungua yatoke hapo, yasirudishwe juu kwenye mfumo. Pistoni ikifika mwisho funga nipo kwanza, ndipo uachie klampu. Weka pedi mpya, uso wake usiguswe na grisi wala vidole vyenye mafuta, na pedi yenye kile kibati kinachotoa sauti irudi mahali ilipokuwa ile ya zamani. Fanya upande mmoja uumalize ndipo uhamie wa pili, ili ule ambao hujaugusa uwe mfano wako. Kulia na kushoto hubadilishwa kwa pamoja siku zote. Na mtu asikanyage pedeli wakati kalipa imetoka.

Pedi zikishakaa na kalipa zote mbili zimefungwa, kanyaga pedeli taratibu mpaka pistoni zifike kwenye pedi. Halafu mafuta. Nunua chupa mbili za nusu lita ambazo lakiri haijakatwa. Mfuniko wa kikopo chako utakuwa umeandikwa DOT 3. Kwa njia yenu hiyo mimi ningetia DOT 4, zinachanganyika bila shida. DOT 5.1 nayo inakubali. DOT 5 yenyewe ni silikoni, haichanganyiki na hizo, iache. Na usikubali muuzaji akupimie kutoka chupa iliyokaa wazi, hayo yameshaanza kunywa maji dukani.

Jaza kikopo mpaka MAX. Anza nyuma kushoto, maana ndiko mbali zaidi na masta silinda kwenye gari la usukani wa kulia, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Mpira mwembamba uvae kwenye nipo, upande wa pili uzame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa inayoangaza. Mdogo wako akanyage polepole na ashikilie, aseme "nimeshika". Wewe fungua nipo robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo umwambie "achia". Akiachia kabla hujafunga, gari linavuta hewa. Elewaneni maneno hayo mapema, kazi nzima iko hapo. Chini ya pedeli weka kipande cha mbao isiende mpaka sakafuni. Masta silinda ya miaka hii yote ina kutu sehemu ambayo mpira wake haujawahi kupita, na ukiupeleka huko unachanika.

Endelea mpaka rangi ya kahawa iishe na yatoke meupe bila mapovu. Kila baada ya mikanyago michache inuka ukaangalie kikopo. Kikikauka umevuta hewa kutoka juu, na utaanza upya magurudumu yote.

Mlolongo_Makanika

Salamu kutoka Nairobi. Bi Fundi amemaliza yote, mimi naongeza juu ya kununua. Hapa kwetu Kirinyaga Road unaweza kupata pedi za bei tatu kwa duka moja, na boksi zote zinapendeza. Usiangalie boksi, angalia pedi yenyewe. Kwa ukingo au mgongo wake huwa kuna maandishi ya kiwanda, na mwishoni herufi mbili kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza ni mshiko wake kwa joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa imeshika moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F inafika 0.45, G ni zaidi ya hapo. Kwa mtu wa milima kama wewe, ile ya pili ndio muhimu. Kama pedi haina herufi yoyote, mimi sinunui. Herufi pia zinaweza kuigwa, kwa hivyo nunua kwa mtu ambaye unaweza kumrudia. Wateja wangu wa kushuka Mai Mahiu nawaambia hivyo hivyo.

Mwalimu_Magamba

Wakuu, asanteni sana. Bi Fundi, nimeyachapa maelezo yako na nimeyabandika ukutani.

Marejesho: pedi za elfu 25 hazina maandishi yoyote mgongoni. Za elfu 60 zina FF, nimechukua hizo. Za zamani za kushoto, ya ndani imebaki milimita 2 hivi na ya nje ina 5. Pini ya chini ilikuwa imekauka kabisa, nimeitoa kwa kuizungusha na koleo. Upande wa kulia zimelika sawa. Diski zote ziko juu ya kiwango. Mbele kumekamilika, pedi zimekaa.

Nimekwama nyuma kushoto. Nipo imeshika kutu, spana namba 8 imeanza kuteleza kwenye kona zake, nimeacha kabla sijaiharibu. Je, naweza kubadilisha mafuta mbele tu, nyuma nikaiacha?

BiFundi_Tanga

Umefanya vyema kuacha, mwalimu. Hapo ndipo nipo nyingi zinakatika.

Hiyo milimita 2 kwa 5 ni ya pini kavu, umeikamata. Itazame tena baada ya miezi michache kuona kama zinalika sawa.

Kwa nipo: weka spana ya mdomo wazi pembeni, hiyo ndiyo inayomaliza kona. Tumia spana ya ringi yenye kona 6, au soketi ya kona 6. Zile za kona 12 zinashika pembe tu na zinateleza. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kuizunguka, iache usiku kucha. Kesho gonga kichwa chake mara kadhaa kwa nyundo ndogo, wima, kwa upole, ili kutu ipasuke ndani. Halafu jaribu KUIKAZA kidogo sana kwanza. Ikitikisika upande huo, hata kidogo, ndipo uifungue. Ikigoma, pulizia tena na usubiri. Usiichome moto, kuna mipira ndani yake.

Ikikatika, si msiba. Wili silinda ya nyuma ya IST inauzwa nzima ikiwa na nipo yake mpya, na utakuwa umepata sababu ya kufungua drami na kuona hali ya shuu, zile zinazofanya kazi ya pedi ndani ya drami.

Kubadilisha mbele tu na kuacha nyuma? Mbele ndiko kwenye joto kali, kwa hiyo utapata nafuu. Lakini sikupi ruhusa ya kushukia Mombo hivyo. Mafuta ya nyuma ni ya umri ule ule, na maji yaliyomo yanakula wili silinda kwa ndani hadi ianze kuvuja juu ya shuu. Maliza yote manne.

Mwalimu_Magamba

Imefunguka! Niliilowesha usiku mbili, soketi ya kona 6 nikaazima kwa jirani mwenye bodaboda. Yaliyotoka nyuma yalikuwa meusi, na yana chembe kama masizi. Nimeyatoa mpaka yakawa meupe, nikazunguka magurudumu yote kwa mpangilio ulionipa. Pedeli sasa iko juu na ngumu, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka.

Maswali mawili ya mwisho. Nati za tairi nikaze kiasi gani? Na mafuta machafu niliyokinga, karibu chupa nzima, niyapeleke wapi?

BiFundi_Tanga

Alhamdulillah. Chembe nyeusi ni vumbi la mipira na kutu, kwa mafuta ya umri huo natarajia kuziona. Ila chunguza ndani ya gurudumu la nyuma kushoto wiki hii na wiki ijayo, ukiona unyevu ujue wili silinda inavuja na ibadilishwe.

Nati: Toyota wanataka Nm 103 kwa gari lako. Kama kuna mtu mwenye tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hapo Lushoto, mwazime. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, gari likiwa chini, na uzirudie baada ya kutembea kilomita chache. Nipo usizikaze kwa nguvu hiyo hata kidogo, ni za nguvu ya kifundo cha mkono. Vifuniko vyake vya mpira virudishe, kutu ile ilianza kwa kukosa kifuniko.

Mafuta machafu ni sumu, na kwa mtoto yanaonekana kama kinywaji. Leo hii yatoe kwenye chupa ya maji kama ndimo ulimoyakingia, yaweke kwenye dumu lililoandikwa kwa herufi kubwa, mbali na watoto. Shambani hapana, mtoni hapana, huko kwenu mito ndiyo maji ya kunywa ya watu wa chini. Ukishuka, yape gereji inayokusanya mafuta machafu, na uwaambie ni ya breki wasiyachanganye na ya injini. Yaliyobaki kwenye chupa mpya uliyofungua nayo usiyaweke akiba ya mwakani. Mafuta ya ndani ya gari badilisha kila baada ya miaka 2, andika tarehe kwenye kipande cha gundi ubandike karibu na kikopo.

Kabla ya kushuka Mombo, pedi zizoee diski kwanza. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na watu, peleka gari mpaka 50, shika breki kwa wastani mpaka 10 bila kusimama kabisa, achia, nenda kidogo zipoe, rudia mpaka uone zinashika sawasawa. Usisimame ukiwa umebana breki zikiwa na moto. Baada ya hapo shuka siku isiyo na mvua, ukiwa peke yako, O/D imezimwa kama alivyosema Dereva_Segera, na simama Soni uguse pedeli. Ikiwa bado iko juu, endelea. Ikianza kuzama, usiendelee, niandikie hapa, tutaanza kutafuta masta silinda.

Mwalimu_Magamba

Nimeshuka leo asubuhi. Soni pedeli juu, Mombo pedeli juu. Nimetumia 2 karibu njia nzima, na sauti ya chuma haipo. Gurudumu la nyuma kushoto ni kavu. Tarehe nimeibandika.